Maswali ya Wasomaji: Barakoa, Pumzi na Namba 58

SWALI: Daktari, salaam. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule ya sekondari wilayani Mbulu, mkoani Manyara. Mwaka huu walitutembelea wataalamu waliokuja na mashine ya kukimbilia na barakoa yenye mirija, wakawapima vijana wangu wawili wa mbio za meta 10,000. Mmoja alipewa namba 66 na mwenzake 58. Huyu wa 58 hajawahi kushindwa na huyo mwingine tangu wakiwa kidato cha pili, lakini baada ya kipimo ameacha kuja mazoezini, na anasema mashine imeshamwambia kwamba hana pumzi. Naomba unieleze mashine hii inapima nini hasa. Je, imekosea, au mimi ndiye niliyekuwa nikijidanganya na saa yangu ya mkononi?

JIBU: Mwalimu, tuanze na kijana, maana namba inaweza kusubiri. Mfuate nyumbani umwambie kwamba barakoa ile haikumpima pumzi kwa maana anayoidhani yeye, na kwamba hakuna mtaalamu makini anayeweza kutumia namba hiyo peke yake kusema nani atatangulia kufika kwenye utepe. Akisharudi uwanjani, msomee haya yanayofuata.

Hewa tunayoivuta, iwe ya Mbulu au ya Tanga, ikiwa kavu ina oksijeni asilimia 20.93 na hewa ukaa, yaani kabonidioksidi, asilimia 0.04 hivi. Tunapoitoa, oksijeni imepungua hadi asilimia 16 au 17 mtu akiwa amekaa kitako, na hewa ukaa imepanda hadi asilimia 4 au zaidi. Tofauti kati ya kilichoingia na kilichotoka ndiyo iliyobaki mwilini ikafanya kazi, na tofauti hiyo ndiyo inayotafutwa. Barakoa inabana pua na mdomo ili kila pumzi ipite kwenye tundu moja. Hapo pana kifaa kidogo kinachopima wingi wa hewa, na mrija mwembamba unaonyonya sampuli na kuipeleka kwenye vihisi viwili, kimoja cha oksijeni na kimoja cha hewa ukaa.

Tuchukue mfano wa kijana wa kilo 54. Dakika ya mwisho, miguu imeshaanza kuwa mizito, anapumua lita 100 za hewa kwa dakika, na hewa anayoitoa ina oksijeni asilimia 17.80. Tofauti ni asilimia 3.13, na asilimia 3.13 ya lita 100 ni lita 3.13, yaani mililita 3,130. Gawanya kwa kilo 54 utapata 58. (Mashine hufanya masahihisho zaidi, kwa sababu hewa inayotoka ina joto na unyevu kuliko iliyoingia, na wingi wake haulingani kabisa na ule ulioingia, lakini mfupa wa hesabu ni huo.) Kwa hiyo 58 ni mililita za oksijeni ambazo kila kilo ya mwili wake iliweza kuzitumia kwa dakika moja alipofika mwisho wa uwezo wake. Mtu aliyetulia kwenye kiti hutumia kama mililita 3.5, na kijana mwenye afya asiyefanya mazoezi maalumu mara nyingi huwa kati ya 35 na 45. Mwanafunzi wako, Mwalimu, yuko mbali sana na mtu asiye na pumzi.

Namba hii pia haitoki kwenye mapafu pekee. Mapafu huipokea oksijeni, chembe nyekundu za damu huibeba, moyo huisukuma, na misuli huitoa kwenye damu na kuiunguza. Katika watu wengi wenye afya kikwazo kikubwa ni uwezo wa moyo kusukuma damu, wakati mapafu bado yana akiba. Ndiyo maana kijana mwenye upungufu wa damu, jambo ambalo kwetu si geni baada ya malaria au minyoo, anaweza kupata namba ndogo huku mapafu yake yakiwa mazima. Kabla ya kulaumu kipaji cha mtu, mpimeni wingi wa damu.

Kipimo chenyewe kina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1911 mwanasayansi Mwingereza Claude Gordon Douglas alieleza mfuko mkubwa ambao mtu aliufunga mgongoni, akapumulia ndani yake akiwa anatembea au anakimbia, kisha hewa ikapimwa baadaye. Mwaka 1923 wanasayansi A. V. Hill na Hartley Lupton walitangaza matokeo ya majaribio ya kukimbia na mfuko huo, ambamo Hill alikuwa mmoja wa wakimbiaji. Waliona kwamba mwendo ukiongezeka matumizi ya oksijeni nayo hupanda, hadi hufika mahali yakagoma kupanda hata mtu akizidisha kasi. Mahali hapo ndipo tunapopaita kilele cha matumizi ya oksijeni, na ndicho walichokuwa wakikitafuta wageni wako.

Sasa tuje kwenye fumbo lako. Nyumbani kwenu bila shaka mnalijua jiko banifu. Majiko mawili yanaweza kuivisha sufuria moja ya maharage, moja likala kopo la mkaa na lingine nusu yake. Wakimbiaji nao wako hivyo. Kilele kinaonyesha mkaa mwingi kabisa ambao jiko linaweza kuuchoma kwa dakika. Hakionyeshi maharage yameivishwa kwa mkaa kiasi gani. Tuseme vijana wako wote wawili wanakimbia kilometa 18 kwa saa, kasi ambayo humaliza meta 10,000 kwa dakika 33 na sekunde 20. Kwa kasi hiyo mtu hukata kilometa 0.3 kila dakika. Kama yule wa 58 anatumia mililita 180 kwa kila kilo kwa kila kilometa, anahitaji mililita 54 kwa dakika, ambazo ni asilimia 93 ya kilele chake. Kama yule wa 66 anatumia mililita 215, anahitaji 64.5, karibu asilimia 98 ya kilele chake, na ni vigumu mno kukaa hapo kwa nusu saa. Atashindwa, na atashindwa kila mara. Hesabu hii ni ya mfano, kwa kuwa ubanifu wa vijana wako haukupimwa, au kama ulipimwa hukuelezwa. Lakini miezi yote ile saa yako ya mkononi ilikuwa ikipima kilele na ubanifu kwa pamoja, na ndiyo maana haikukudanganya.

Jambo hili limeonekana katika nyanda za juu za jirani zetu. Mwaka 1990 mtafiti Bengt Saltin kutoka Sweden na wenzake waliwapima wakimbiaji wa Kenya, wakubwa na wanafunzi, na kuwalinganisha na wakimbiaji bora wa Skandinavia. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995. Wengi walitarajia kwamba siri ya Wakenya ingekuwa kilele kirefu kupita cha watu wengine wote. Haikuwa hivyo. Wapo Wakenya waliofika 85, lakini kwa wastani makundi hayo mawili ya wakimbiaji wakubwa hayakutofautiana sana. Tofauti ilijitokeza kwenye ubanifu: kwa kasi ileile Wakenya walitumia oksijeni kidogo zaidi, na damu yao ilikusanya lakteti, kemikali inayozalishwa na misuli inapofanya kazi kwa nguvu, kidogo zaidi. Katika utafiti huohuo wavulana wa Kenya wasiofanya mazoezi walikuwa na wastani wa 47, na waliokuwa wakifanya mazoezi 62.

Mfano wa karibu zaidi ni wa wanariadha 16 wa kiwango cha dunia waliopimwa katika maandalizi ya lile jaribio la kukimbia marathoni chini ya saa 2, Mei 2017 huko Monza, Italia, ambapo Mkenya Eliud Kipchoge alitumia saa 2 na sekunde 25. Wastani wa kilele chao ulikuwa 71. Wapo watelezaji wa theluji wa Norway waliotajwa kuwa na zaidi ya 90. Walichokuwa nacho wanariadha hao 16 ni uwezo wa kukimbia kilometa 21.1 kwa saa kwa gharama ya wastani wa mililita 191 kwa kila kilo kwa kila kilometa, yaani kama 67 kwa dakika, na kukaa karibu kabisa na kilele bila kuvunjika. Mweleze kijana wako hivyo, kwa namba hizohizo.

Kuhusu swali kwamba huenda mashine ilikosea, nalo lina uzito wake. Mashine hii ni kama mizani ya sokoni: haiaminiki mpaka ihakikiwe. Kabla ya kila kipimo fundi anapaswa kuhakiki jinsi mashine inavyopima hewa kwa bomba maalumu la lita 3, akilisukuma na kulivuta mara kadhaa, taratibu na kwa haraka, ili kuona kama mashine inasoma lita 3 kila mara. Kisha avipitishie vihisi gesi ya mtungi ambayo viwango vyake vinajulikana, mara nyingi oksijeni asilimia 16 na hewa ukaa asilimia 5. Rudi kwenye hesabu yetu ya lita 100 uone kwa nini. Kihisi cha oksijeni kikikosea kwa asilimia 0.1 tu, hiyo ni mililita 100, na kwa kijana wa kilo 54 namba inayumba karibu 2.

Niliwahi mimi mwenyewe kuharibu kipimo cha mwanariadha katika maabara moja niliyofanyia kazi. Barakoa ilikuwa kubwa kidogo kuliko uso wake, na juu ya pua, pale mfupa unapoanza, pakabaki mwanya ambao usingepitisha hata kalamu. Jasho lilipoanza kutiririka barakoa ikateleza, na kila alipotoa pumzi nzito nilisikia mluzi mdogo ambao niliupuuza kwa sababu grafu ilikuwa ikipanda vizuri. Alipata 52. Wiki iliyofuata, kwa barakoa ya saizi yake, alipata 59. Siku saba zile alikuwa amezitumia kufikiria kuacha riadha, na hilo bado linaniuma. Tangu hapo hufunika tundu la barakoa kwa kiganja na kumwomba mtu apulize. Hewa ikitoka popote, tunaanza upya.

Kwa hiyo wasiliana na wageni wako uwaulize mambo matatu. La kwanza, kijana alikimbia kwa dakika ngapi mpaka akachoka? Kipimo kizuri cha kupandisha mwendo humchosha mtu kati ya dakika 8 na 12. La pili, mwishoni uwiano wa hewa ukaa iliyotoka kwa oksijeni iliyotumika ulikuwa ngapi? Mtu aliyejitoa kikamilifu kwa kawaida huvuka 1.10, kwa sababu damu inayopata asidi humwaga hewa ukaa ya ziada. Ukiambiwa 1.00 au 1.02, basi kijana aliacha mapema, na si ajabu kwa mtu aliyepanda mkanda unaotembea kwa mara ya kwanza maishani, na uso umefungwa, mbele ya watu wasiojulikana. La tatu, je, oksijeni iligoma kupanda mwendo ulipoongezwa, au mstari ulikuwa bado unapanda alipoomba kusimama? Kama ulikuwa unapanda, 58 ni mahali alipofika siku ile, na kilele chake kiko juu zaidi.

Waulize pia kama namba wanayoilinganisha nayo ilipatikana pwani au mlimani. Asilimia ya oksijeni haibadiliki, bali msukumo wa hewa hupungua jinsi mtu anavyopanda; Iten, mji wa wakimbiaji huko Kenya ulio kwenye meta 2,400 hivi, msukumo huo ni kama robo tatu ya ule wa Mombasa. Wakimbiaji wa Kenya waliopimwa na Saltin walikuwa na wastani wa 68 huko juu na karibu 80 walipopimwa usawa wa bahari, na miguu ilikuwa ileile.

SWALI: Daktari, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 52, naishi Tanga. Moyo wangu ulionekana kuwa dhaifu, natumia dawa, na sasa naambiwa nikapimwe kwa kuendesha baiskeli nikiwa nimevaa barakoa. Nikipanda ngazi tu naishiwa pumzi. Naogopa barakoa itaninyima hewa kabisa. Kwani hicho kipimo si cha wanamichezo?

JIBU: Waaleikumu salaam, mama yangu, na pole. Barakoa hiyo haichuji wala haizuii. Mbele iko wazi, na unavuta hewa ya chumbani kama kawaida. Joto na mate kidogo utavisikia, na kuongea kutakuwa kugumu, ndiyo maana kabla ya kuanza mtakubaliana ishara za mkono. Ukiinua kiganja, wanasimamisha hapohapo.

Utaketi kwenye baiskeli isiyokwenda popote. Dakika za mwanzo pedali huwa nyepesi, halafu uzito huongezwa kidogo kidogo, huku umeme wa moyo, shinikizo la damu na oksijeni ya kidoleni vikiangaliwa muda wote na watu waliofunzwa. Wagonjwa wa moyo wamepimwa hivi kwa miongo mingi, na vifo vinavyotokana na vipimo vya aina hii vimekadiriwa kuwa kati ya 2 na 5 kwa kila vipimo 100,000.

Manufaa yake kwako ni makubwa kuliko kwa mwanamichezo. Kuishiwa pumzi kwenye ngazi kunaweza kutokana na moyo, mapafu, upungufu wa damu, au misuli iliyolegea kwa kukaa muda mrefu, na mtu akiwa amelala kitandani yote hayo yanafanana. Akiwa kazini yanaachana. Mwenye shida ya mapafu humaliza akiba yake ya kupumua mapema. Mwenye shida ya moyo, oksijeni anayoipata kwa kila pigo la moyo hugoma kuongezeka, na damu huanza kupata asidi akiwa bado kwenye kazi ndogo. Tangu miaka ya 1990 madaktari wa moyo hutumia kilele cha oksijeni kuamua mambo mazito. Mgonjwa aliye chini ya 14, au chini ya 12 kama anatumia dawa za kupunguza kasi ya moyo, huangaliwa kwa ukaribu zaidi na hufikiriwa matibabu ya ngazi ya juu. Wengi hukutwa juu ya hapo, na namba yao hutumika kuwapangia mazoezi ya kutembea yanayowafaa.

Usiache dawa yoyote kwa ajili ya kipimo bila daktari wako kukuambia. Kula chakula chepesi saa mbili au tatu kabla, usinywe kahawa, vaa viatu vya mpira na nguo isiyokubana. Kama wiki hiyo umepata maumivu ya kifua ukiwa umepumzika, umezimia, au una homa, sema kabla hujapanda baiskeli, kwa sababu kipimo kitaahirishwa.

SWALI: Nipo Mombasa, nina miaka 29. Saa yangu ya mkononi iliniandikia kilele cha 44, lakini tangu nianze kukimbia saa saba mchana imeshuka hadi 39. Je, nimedhoofika? Na kama saa si ya kuaminika, naweza kujipima vipi bila maabara?

JIBU: Ndugu yangu, saa hiyo haioni hewa yoyote. Inasoma mapigo ya moyo na kasi, kisha inabashiri. Mchana wa Mombasa, katika joto lile na unyevu ule, moyo hupiga haraka zaidi kwa kasi ileile kwa sababu sehemu ya damu imepelekwa kwenye ngozi kuupoza mwili, nayo saa huhesabu mapigo hayo ya ziada kuwa udhaifu. Kimbia alfajiri kwa wiki mbili kisha uiangalie tena.

Bila maabara, tumia kipimo cha dakika 12 alichokitangaza daktari Mmarekani Kenneth Cooper mwaka 1968. Tafuta uwanja wa meta 400, pasha mwili, kisha kimbia mbali kadiri unavyoweza kwa dakika 12. Chukua meta ulizokimbia, toa 504.9, gawanya kwa 44.73. Aliyekimbia meta 2,400 anapata 42 na kidogo. Ni makadirio, na yeye mwenye mwendo mbaya wa kugawa nguvu, anayefyatuka mzunguko wa kwanza na kutembea wa mwisho, atajipunja. Rudia baada ya miezi miwili, uwanja uleule, saa ileile ya siku, na viatu vilevile. Kama una maumivu ya kifua, umewahi kuanguka ukiwa mazoezini, au una selimundu, usijipime hivi kabla ya kumwona daktari.

SWALI: Je, nikijizoeza kuvuta hewa nyingi kwa makusudi wakati wa kukimbia, kilele changu kitapanda?

JIBU: Hapana. Kwa mtu mwenye mapafu mazima aliye karibu na usawa wa bahari, damu inayotoka kwenye mapafu tayari imebeba oksijeni kwa asilimia 97 hivi ya uwezo wake, hata bila kujilazimisha. Hewa ya ziada haina pa kupakiwa. Kinachopandisha kilele ni moyo kuzoea kusukuma damu nyingi kwa kila pigo na misuli kuzoea kuitumia. Njia moja iliyofanyiwa utafiti ni kukimbia dakika 4 kwa nguvu, moyo ukiwa kwenye asilimia 90 hadi 95 ya mapigo yake ya juu kabisa, kisha kutembea au kukimbia polepole dakika 3, na kurudia hivyo mara 4, siku mbili au tatu kwa wiki. Anayeanza kutoka sifuri ajipe kwanza mwezi mzima wa kutembea haraka.